Kupanda Vilima vya Tarime na Serengeti Bila Kuishia Shimoni

Mgeni akisikia Mara anawaza nyumbu wakivuka mto. Sawa, waone. Lakini kaskazini ya mto huohuo ardhi inainuka ghafla. Ni ule ukingo mrefu wa Isuria unaotokea Kenya, juu ya Maasai Mara, ukaingia kwetu Tanzania na kupita juu ya Nyamongo. Juu yake kuna kahawa, migomba na baridi ya asubuhi ya Tarime. Chini yake kuna joto, bonde la Mto Mara na dhahabu. Ng'ambo ya mto, wilayani Serengeti, vilima ni vifupi zaidi, ila miamba yake ni ya ukoo mmoja na hii.

Watu wamechimba huku tangu enzi za mkoloni. Wakaja wachimbaji wadogo na sururu zao, na mwaka 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ukaanza kuzalisha. Kila kizazi kimeacha mashimo yake. Mlima wenyewe hauna ubishi: ukiwa na mapafu ya kawaida na subira kidogo utafika kileleni. Mambo yanayohitaji akili ni yale yaliyofunikwa na majani, pamoja na watu wanaoyafahamu.

1. Safari inaanzia ofisi ya kijiji

Usishuke kwenye Hiace ukaanza kupanda. Mwone mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, tia sahihi kitabu cha wageni, eleza kwamba umekuja kutembea. Utachunguzwa usoni: kutembea tu? Nyangoto, Kewanja, Kerende na Matongo ni vijiji vya Nyamongo vilivyokwisha kuona kila aina ya mgeni mwenye begi mgongoni anayekodolea mawe macho, na mara nyingi nyuma ya mgeni huyo zilifuata habari za kupima ardhi. Nyamongo ndiko tegesha ilikopata umaarufu. Watu wakisikia eneo fulani litachukuliwa na mgodi, vibanda na miche vinaota usiku mmoja ili fidia ikija ivikute. Ukipita na GPS shingoni bila kujieleza, usishangae jioni ukikuta njia uliyopandia asubuhi ina nyumba.

Wazee wasalimie kwanza, shikamoo iliyotulia, ndipo useme kilichokuleta. Ukiwa mwanamume na kijana akakupigia kelele kutoka mbali, "Mura, unaenda wapi?", hajakutukana; mura ni kijana kwa Kikurya. Simama, mjibu, zungumza naye. Wakurya, wenyeji wa huku, wanasifiwa ukali hasa na watu ambao hawajawahi kukaribishwa kwao.

2. Mwenyeji awe mtu aliyewahi kuzama shimoni

Mchungaji anajua mapito yote ya ng'ombe, maji yalipo na wapi nyoka huota jua. Mchimbaji wa zamani anajua duara lipi, yaani shimo la wachimbaji, lilifukiwa kweli na lipi lilifunikwa kwa magogo na udongo kiasi cha inchi moja. Ukiweza, nenda na wote wawili. Ukilazimika kuchagua mmoja kwa kilima chenye mashimo, mchukue mchimbaji.

Malipo mpatane kabla ya kuanza, mbele ya mtu wa tatu, na uwe na pesa taslimu. Karibu na mpaka simu hurukia mtandao wa Kenya bila kuuliza, na salio lako linaweza kwisha hata kabla hujafika nusu ya mlima.

3. Mgodi wa zamani huku haujafa

Hiki ndicho kidokezo ninachotaka ukikumbuke kuliko vyote. Ulaya mgodi ukifa unazikwa kwa heshima: Big Pit kule Wales ulifungwa 1980, na miaka mitatu baadaye watu wakaanza kuutembelea kama makumbusho, na leo wageni wanateremka chini wakiwa na kofia za kuazimwa. Kwetu mgodi unalala tu. Bei ya dhahabu ikipanda, au mtu mmoja akiokota jiwe zuri baada ya mvua, rasha ya kukimbilia dhahabu inaanza, na duara lililokuwa kimya tangu watoto wa sasa hawajazaliwa linapata winchi, turubai na mama ntilie ndani ya wiki moja. Jirani zetu wa Migori, Kenya, wanalijua hilo. Mgodi wa Macalder ulifungwa 1966, lakini watu bado wanarudia kuosha mabaki yake.

Kwa hiyo rundo la mchanga wa kijivu unalodhani ni takataka huenda ni marudio, mchanga uliokwisha oshwa mara moja na unaosubiri kuoshwa tena, na una mwenyewe. Usiukalie, usiuchezee, usiruhusu watoto wausogelee. Sababu ya kwanza ni adabu. Ya pili ni zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, ambayo hubaki humo muda mrefu baada ya wachimbaji kuhama. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, ila mchanga wa miaka iliyotangulia hausomi mikataba.

4. Soma udongo kuliko ramani

Ramani ya simu itakuonyesha kilima. Mashimo haiyaonyeshi. Dalili zake ni hizi.

Ya kwanza ni kifusi. Ukiona rundo la mawe yaliyovunjwa, ya rangi isiyofanana na udongo wa pale, jua shimo liko hatua chache tu. Kwenye mteremko litafute upande wa juu wa rundo, kwa sababu hakuna mchimbaji anayepandisha kifusi wakati anaweza kukimwaga chini.

Ya pili ni majani. Kiangazi kilima chote kikiwa cha rangi ya simba, halafu ukaona kichaka cha mviringo kilichobaki kijani peke yake, usikimbilie kivuli chake. Maji ya mvua hujikusanya mdomoni mwa shimo, na miti hupenda pale.

Ya tatu ni masalia ya kazi: nguzo mbili zenye panda zilizokuwa zikibeba winchi, vipande vya kamba, magogo ya matimba yaliyooza, soli ya buti. Penye msingi wa saruji wenye vyuma vilivyochomoza katikati ya pori, palikuwa na mashine ya kusagia mawe, na mara nyingi mlango wa handaki hauko mbali.

Ya nne wageni wengi hawaijui. Dhahabu ya huku hufuata mwamba, na mwamba hukatiza kilima kama mshono. Wachimbaji nao huufuata. Maduara mawili yakionekana kwenye mstari mmoja, vuta mstari huo kwa macho na uwe na hakika kwamba la tatu na la nne yako mbele yake, hata kama nyasi zimeyafunika. Ukilazimika kuukata mstari huo, ukate kwa kunyooka, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenyeji.

Hatari kubwa kuliko zote haitokei mkiwa mnapanda. Inatokea mtu anapojitenga kwenda haja. Heri aibu ya kusogea hatua tano kuliko staha ya kusogea hamsini. Wenzako wageuze migongo, yaishe.

Na mvua ikiwa imenyesha, kaa mbali zaidi na mdomo wa duara. Kingo zake mara nyingi zimelika kwa chini, kwa hiyo unaposimama panaweza kuwa dari.

5. Usiingie

Hata kidogo. Hata kama handaki limekwenda mlalo, limechongwa vizuri na lina upepo mdomoni. Hewa mbaya haina harufu wala rangi, matimba yameoza, popo wamejaa na koboko anapenda upenyo wa mwamba kuliko unavyofikiri. Kuwasha kiberiti ili kupima hewa ni hadithi ya kijiweni. Kiberiti kikizimika, wewe umeshaingia.

Mtu akidondoka, usimfuate. Katika mashimo ya namna hii mwokoaji naye anaweza kufa kirahisi. Piga kelele, tafuta wachimbaji walio karibu, wao wana kamba na wanajua kuitumia.

6. Maji yako ubebe mwenyewe

Lita tatu kwa mtu, na usijifanye jasiri. Vijito vinavyoteremka kutoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu na makarasha ya kusagia mawe usivinywe, usinawie uso. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki wala sayanaidi. Wakazi wa bonde la Mto Tigithe hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi yaliingia mto huo, na kelele zake zikafika bungeni na nje ya nchi. Juu kabisa ya ukingo, kwenye chemchemi za wakulima wa kahawa, hali ni tofauti, lakini hata huko muulize mwenyeji kwanza.

7. Nguo, viatu, fimbo

Mabakamabaka yaache nyumbani. Raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa, JWTZ ilikumbusha jambo hilo kwa ukali Agosti 2023, na katika nchi yenye mgodi upande mmoja na hifadhi upande wa pili, mtu wa mabakamabaka porini atapata maswali mengi kuliko majibu aliyonayo. Bluu na nyeusi nazo ziepuke ukiwa upande wa Serengeti, kwani mbung'o huzifuata. Khaki, kijani kilichofifia au kijivu, na suruali ndefu.

Viatu vishike kifundo cha mguu. Utawaona vijana wanapanda mbio na yeboyebo huku wamebeba kiroba cha mawe begani. Waache. Wewe miguu yako haijasomea huko.

Fimbo si mzigo. Katika nchi ya Wakurya mwanamume anayetembea bila fimbo ndiye anayeshangaza. Itakupimia udongo mbele, itamwondoa kifutu njiani, na wakati wa kushuka itaokoa magoti.

8. Anza saa kumi na mbili asubuhi

Jua la bonde ni kali kuanzia saa nne, na mvua za nyanda za juu za Tarime hupenda mchana na alasiri. Radi za huku si za mchezo. Ukisikia ngurumo ukiwa kwenye ukingo ulio wazi, teremka, usijikinge chini ya mti mmoja mmoja wala mdomoni mwa handaki. Juni hadi Septemba ndiyo miezi rahisi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa juu unateleza vibaya na majani yanakuwa marefu, kwa hiyo mashimo hayaonekani. Mimi masika singempeleka mtu.

Desemba ina neema na adha yake. Ni msimu wa tohara, na njia zinajaa vijana wenye mapambo, pembe na nyimbo. Msafara ukija, simama pembeni, ziba mdomo, weka simu mfukoni mpaka upite.

9. Fuata ng'ombe

Mteremko ukiwa mkali, acha njia ya mkato ya wachimbaji na utafute mapito ya ng'ombe. Ng'ombe hapandi wima, anazunguka zunguka akitafuta mwinuko anaoumudu, na amekwisha kuikanyaga njia hiyo miaka mingi kabla yako. Hakuna mhandisi aliyempita kwa kupima mlima. Faida nyingine ni kwamba penye kwato mbichi kila siku, mashimo yaliyofichika ni machache, maana yangekwisha kumeza ng'ombe na mwenyewe angeyafukia.

Njia ikikuingiza ghafla kwenye shamba lililojificha bondeni, ambalo mwenyeji wako anajifanya halioni, nawe usilione. Geuka. Kuna mazao ambayo serikali huja kuyafyeka, na wenye nayo hawapendi watalii.

10. Mlima wenye ngazi hauparamiwi

Kutoka juu ya ukingo utaona milima ambayo bibi zetu hawakuiona. Imepangwa ngazi kwa ngazi, haina mti, rangi yake ya kijivu. Hayo ni mawe yaliyotolewa kwenye mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona. Tazama kwa mbali, shangaa upendavyo, usisogelee uzio wala usielekeze kamera kwa walinzi. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi polisi walipokabiliana na kundi lililoingia mgodini, na hicho si kisa pekee. Kila familia ya pale ina la kusema kuhusu mgodi huo, ambao sasa kampuni ya Barrick ina asilimia 84 na serikali asilimia 16. Ukiambiwa, sikiliza. Ubishi wa mtu aliyefika jana hauna faida.

11. Ukivuka mto, kanuni zinabadilika

Barabara ya Tarime hadi Mugumu inateremka ukingo, inapita Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Ng'ambo ya pili hofu ya mashimo inapungua, hofu ya tembo inaongezeka. Mahindi na mtama vikikomaa, tembo hutoka pori la Ikorongo na hifadhini na kulala mashambani, na njia uliyozoea jana leo ina wenyewe. Waulize wakulima asubuhi hiyohiyo, si jana yake. Usitembee kabla jua halijatoka wala baada ya saa kumi na moja jioni.

Vigingi vya mpaka wa hifadhi viheshimu hata kama hakuna askari anayeonekana. Kuingia Hifadhi ya Taifa bila kibali ni kosa, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yako chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, nayo yana taratibu zake. Mpenda masalia ya migodi atatamani Kilimafedha, kilima cha dhahabu ya mkoloni kilichobaki ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambacho kimewapa wanajiolojia jina la mkanda mzima wa miamba. Huko huendi kwa miguu yako na fimbo. Omba kibali TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kutembea, kukiruhusiwa, ni pamoja na askari mwenye silaha.

Kibali kikikwama, panda kilima cha Ikoma, kwenye ngome ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20. Haikuhusu dhahabu, lakini ukisimama pale utaelewa kwa nini mtawala alitaka kukaa juu.

12. Pumzika mara moja uangalie mawe

Wengi wanapanda kichwa chini mpaka mwisho. Simama katikati ya ukingo. Chini umeacha mwamba wa zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, wa kijani kibichi au mweusi, wenye mishipa myeupe ya kwarizi ambayo ndiyo iliyowatoa watu jasho miaka yote hii. Ukikaribia juu, jiwe linabadilika na kuwa la kijivu cheusi, zito, la mkupuo mmoja. Hiyo ni lava ya juzi tu kwa hesabu za dunia, iliyomwagika na kufunika ule wa zamani kabla ardhi haijavunjika na kuuacha ukingo. Ndiyo maana juu wanalima na chini wanachimba.

Jiwe zuri ukilipenda, lipige picha uliache. Sheria ya Madini ya 2010 inakataza kukutwa na madini bila leseni au kibali, na askari wa kizuizi cha barabarani hana wajibu wa kuamini kwamba unapamba sebule.

13. Shuka kwanza, kula baadaye

Magoti yanaumia wakati wa kushuka, kwa hiyo gawa nguvu zako ukijua nusu ngumu bado. Hatua fupi, uzito nyuma, fimbo mbele. Ukifika chini salama, Tarime mjini au Mugumu, agiza ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, nyama choma, na kama una moyo omba kichuri, ule mchuzi wa utumbo wa wenyeji. Ni kichungu. Wenyeji watakutazama wakati wa kijiko cha kwanza, na ukimaliza bakuli umepata ndugu.

14. Shimo wazi usilipite kimya

Mgeni huona jambo ambalo mwenyeji amekwisha kulizoea. Ukikuta duara lililo wazi karibu na njia ya wanafunzi, ya akina mama wanaokwenda kuteka maji au ya mifugo, weka matawi na mawe kuzunguka mdomo wake, piga picha, chukua alama ya mahali kwenye simu. Siku hiyohiyo mpelekee mwenyekiti wa kijiji, na nakala iende ofisi ya madini ya mkoa, Musoma. Kulifukia ni kazi ya siku moja ya vijana wanne na makoleo. Wakikuomba uchangie gharama ya makoleo hayo, changia.